Vila tatu za Kirumi kwenye mabonde ya Uingereza: uende ipi?

Uingereza ina magofu mengi ya vila za Kirumi, na mtu mwenye siku moja tu ya mapumziko hukwama mapema. Picha za mtandaoni hazimsaidii: kila mahali ni sakafu ya nakshi za vijiwe, ukuta wa mawe unaofika magotini na majani mabichi nyuma yake. Hapa nimechagua tatu ambazo zinafanana kwa jambo moja kubwa. Kila moja ilijengwa kwenye bonde la mto mdogo unaomwaga maji yake kwenye mto Thames. Lullingstone iko bonde la Darent, Kent. Chedworth iko juu kidogo ya mto Coln, Gloucestershire. North Leigh imekaa mahali mto Evenlode unapojikunja, Oxfordshire.

Bonde halikuchaguliwa kwa sababu ya mandhari. Vila ilikuwa makao ya shamba. Mto ulitoa maji, malisho ya bondeni na wakati mwingine njia ya kusafirishia mizigo, na miteremko ikatoa ardhi ya ngano na shayiri. Nafaka ya Britania, kama Warumi walivyokiita kisiwa hiki, haikuishia hapa: mwishoni mwa miaka ya 350 ilikuwa ikivushwa bahari kwenda kulisha miji na majeshi ya Kirumi kwenye mto Rhine. Anayeangalia sakafu za nakshi peke yake, basi, ameona pesa zilivyotumika bila kuona zilikotoka. Ndiyo maana katika ulinganisho huu shamba nimelipa uzito sawa na nyumba, jambo ambalo vipeperushi vingi vya watalii havifanyi.

Vigezo

Nimeangalia mambo manne. La kwanza ni kinachoonekana kwa macho ya mtu wa kawaida, asiye na mtaalamu pembeni wa kumweleza kila jiwe. La pili ni shamba na mto: je, ukisimama pale unaelewa watu hawa walikula na kuuza nini? La tatu ni watu wenyewe, imani zao na maziko yao. La nne ni safari: usafiri, kiingilio, mvua, na uwezo wa kwenda na mtoto mdogo au mzazi mtu mzima. Viingilio hubadilika kila msimu, kwa hiyo sitaji bei, ila nitasema wapi unalipa na wapi hulipi.

LULLINGSTONE, BONDE LA DARENT

Kinachoonekana. Vila nzima imefunikwa na jengo la kisasa. Kuna kibaraza cha juu, na kutoka hapo mpango wa nyumba unausoma wote kwa mtazamo mmoja, vyumba vya kuishi katikati na bafu upande mmoja. Kivutio ni sakafu mbili za katikati ya karne ya 4 zilizoungana. Kwenye chumba cha kulia, chenye ukuta wa nusu duara, Jupiter, mungu mkuu wa Warumi, aliyejigeuza fahali, anamvusha binti mfalme Europa baharini. Juu ya picha kuna mistari miwili ya Kilatini inayomtania Juno, mke wa Jupiter mwenye wivu, na utani huo anaupata tu mtu aliyesoma utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi. Naona mwenye nyumba alitaka wageni wake wajue kwamba hapa hawakuja kwa mkulima wa hivi hivi. Kwenye chumba cha jirani, shujaa Bellerophon aliyempanda farasi mwenye mabawa anamchoma mkuki zimwi Chimaera, na kwenye pembe kulikuwa na sura za majira manne ya mwaka.

Hapo hapo sema pia kasoro yake: vitu viwili mashuhuri kuliko vyote vya Lullingstone havipo Lullingstone. Viko British Museum, London. Nitavieleza mbele.

Shamba na mto. Nyumba ya kwanza ya mawe ilijengwa kuelekea mwaka 100, ikapanuliwa mara kadhaa. Darent unapita hatua chache tu kutoka ukutani, kisha unaelekea kaskazini hadi Thames karibu na Dartford. Mwishoni mwa karne ya 3 ghala kubwa la nafaka lilijengwa kati ya nyumba na mto, na mahali lilipowekwa panaeleza mengi: mazao yalikuwa yakienda mahali. Lakini leo ghala hilo hulioni. Utalisoma kwenye maelezo, kisha utoke nje, uutazame mto, na kazi iliyobaki uifanye mwenyewe kichwani. Bonde lenyewe lilikuwa na vila nyingine kadhaa, kwa hiyo huyu hakuwa tajiri mpweke. Alikuwa na majirani wa hadhi yake.

Watu na imani. Hapa Lullingstone ina utajiri wa pekee. Chini ya nyumba kuna chumba cha ardhini ambacho zamani kilikuwa na kisima na mchoro wa ukutani wa vibinti wa maji, viumbe walioabudiwa kwenye chemchemi na mito. Baadaye sanamu mbili za marumaru za karne ya 2, za vichwa na mabega ya wanaume wawili, ziliwekwa humo na kutolewa sadaka. Wataalamu wengi wanaona mmoja wao huenda ni Pertinax, aliyekuwa gavana wa Britania katika miaka ya 180 na kuwa kaisari kwa miezi michache mwaka 193.

Kisha, katika karne ya 4, chumba cha juu ya hicho kikageuzwa mahali pa ibada ya Kikristo. Ukutani walichorwa watu sita waliosimama wameinua mikono kwa dua, pamoja na ile alama ya herufi mbili za Kigiriki zinazoanza jina la Kristo. Ni miongoni mwa ushahidi wa mapema kabisa wa Ukristo katika Britania. Inaonekana sadaka kule chini ziliendelea wakati juu watu wakisali. Nani alikuwa akishuka na nani akipanda? Baba mmoja mwenye tahadhari, au mke na mume wasiokubaliana? Mimi ningeenda Lullingstone kwa swali hilo tu.

Nyumba iliungua mwanzoni mwa karne ya 5. Ukuta wenye michoro uliporomoka ukaanguka ndani ya chumba cha ardhini, na kwa kuanguka huko ukahifadhika. Wachimbaji waliofanya kazi hapo kuanzia 1949 hadi 1961 walitoa vipande vya lipu kwa maelfu, vikaunganishwa kimoja kimoja. Michoro hiyo na sanamu mbili ndivyo vilivyohamia British Museum. Mlimani nyuma ya nyumba kulikuwa pia na kaburi lililojengwa mfano wa hekalu, walimozikwa kijana wa kiume na wa kike katika majeneza ya madini ya risasi, na humo kikapatikana kibao cha mchezo pamoja na kete zake 30 za kioo.

Safari. Kwa asiye na gari, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Treni za London kwenda Sevenoaks kupitia Swanley husimama Eynsford. Kutoka stesheni ni mwendo wa miguu wa kama nusu saa, sehemu yake kando ya mto. Njiani unapita kivuko cha chini karibu na daraja la zamani, ambapo watoto huchezea maji siku za joto, na daraja refu la reli la matofali mekundu. Unalipa kiingilio, ila wanachama wa English Heritage, shirika linalopatunza, huingia bure. Mvua haina kazi hapa.

Inamfaa nani. Mkazi wa London asiye na gari, familia yenye watoto wanaosoma habari za Warumi shule ya msingi, na mtu anayevutiwa na historia ya dini. Wazazi, hapa kuna la kuwaambia watoto ambalo huenda mwalimu hakulitaja. Katika karne hiyo hiyo ya 1 nyumba hii ilipojengwa, wafanyabiashara kutoka Misri ya Kirumi walikuwa wakifika pwani yetu, waliyoiita Azania, kununua pembe za ndovu na magamba ya kasa, na soko lao la mwisho kusini lilikuwa Rhapta.

CHEDWORTH, JUU YA MTO COLN

Kinachoonekana. Hii ni kubwa. Ilianza mapema katika karne ya 2 kama majengo ya kawaida, na kufikia karne ya 4 ilikuwa na mabawa matatu yaliyozunguka nyua mbili, kwenye kibonde kilichofungwa na miti. Tofauti na Lullingstone, unaizunguka kwa miguu, sehemu nyingine chini ya paa na nyingine chini ya mbingu. Bawa la magharibi lilifunikwa na jengo jipya mwaka 2012, na njia za kupitia zimening'inizwa juu ya sakafu, hivyo unatazama nakshi zikiwa chini ya miguu yako.

Kama umewahi kujiuliza nyumba hizi zilipashwaje joto bila umeme, jibu liko hapa. Sakafu iliinuliwa juu ya nguzo fupi, moto ukawashwa kwenye tanuri nje ya ukuta, na hewa ya moto ikapita chini ya sakafu kisha ikapanda ndani ya kuta. Nguzo hizo unaziona wazi. Kuna mabafu ya aina mbili, la mvuke na la joto kavu, na kuna choo. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na nadharia kwamba mabafu haya ni karakana ya kusafishia vitambaa vya sufu. Ilitupwa baadaye, lakini haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu sufu ilikuwepo.

Shamba na mto. Ushahidi wa sufu umelala sakafuni. Kwenye chumba cha kulia majira ya mwaka yamechorwa kama watoto, na yule wa baridi amevaa joho zito lenye kofia, sungura mkononi. Mavazi ya namna hiyo yalikuwa na jina: joho la Britania limo kwenye orodha ya bei ambayo Kaisari Diocletian aliitangaza mwaka 301 kwa dola nzima. Milima hii ya Cotswold, ambayo karne nyingi baadaye ilitajirika kwa kondoo, ilifaa kufuga tangu zamani. Mji wa Cirencester, ambao Warumi waliuita Corinium na uliokuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Britania, ulikuwa umbali wa nusu siku kwa mkokoteni, na barabara kuu ya Fosse Way ilipita jirani. Soko halikuwa mbali.

Mto wenyewe huuoni kwa ukaribu kama kule Darent. Uko chini, nyuma ya miti. Maji muhimu ya Chedworth ni ya chemchemi. Inatoka mlimani na kuingia kwenye kidimbwi cha pande nane, na nyumba nzima ilikunywa na kuoga kutokana nayo.

Watu na imani. Kidimbwi hicho kilikuwa pia mahali patakatifu pa vibinti wa maji, kisha mtu akachonga ile alama ya Kristo kwenye mawe yake. Magofu ya hekalu yalipatikana msituni upande wa mtoni. Kwa sababu hiyo wako wataalamu waliodai kwamba Chedworth haikuwa nyumba ya mwenye shamba, bali mahali pa ibada na tiba penye vyumba vya wageni. Wengi leo wanaichukulia kuwa makazi. Ukiwa pale jaribu kuamua mwenyewe. Mabafu mawili ni mengi kwa familia moja.

Jambo jingine la Chedworth limevuruga vitabu. Mwaka 2020 National Trust, shirika la kuhifadhi urithi linalopamiliki tangu 1924, walitangaza kwamba sakafu moja ya nakshi ya upande wa kaskazini iliwekwa katikati ya karne ya 5. Utawala wa Kirumi Britania ulikwisha mwanzoni mwa karne hiyo, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba watu wa vila waliacha kila kitu na kurudi kulima kwa jembe la mkono. Kumbe hapa palikuwa bado na mtu mwenye uwezo wa kumlipa fundi wa nakshi.

Safari. Hapa ndipo penye tatizo. Bila gari ni taabu: hakuna usafiri wa umma wa kukufikisha mlangoni, na barabara za mwisho ni nyembamba. Unalipa kiingilio. Wanachama wa National Trust huingia bure, lakini kadi ya English Heritage haitambuliwi hapa, na ya National Trust haitambuliwi Lullingstone. Watu wengi hudhani ni kitu kimoja. Kuna mkahawa na jumba dogo la makumbusho lililojengwa katika miaka ya 1860, baada ya vila kugunduliwa mwaka 1864. Waliochimba wakati ule walijenga pia nyumba ya wawindaji katikati kabisa ya magofu, na bado iko pale inakuziba macho. Wakati wa baridi angalia siku za kufunguliwa kabla ya kuondoka nyumbani.

Kitu kimoja cha kuwaonyesha watoto: konokono wakubwa wanaoitwa konokono wa Kirumi wanaishi hapa hadi leo. Wanalindwa kisheria, kwa hiyo ni wa kutazama tu.

Inamfaa nani. Mwenye gari na siku nzima. Fundi, mhandisi, mwanafunzi wa ujenzi, au yeyote anayetaka kujua kitu kilifanyaje kazi kabla ya kuuliza kilikuwa kizuri kiasi gani. Mzazi mwenye magoti mabaya atapata shida kiasi kwa sababu ya mteremko. Piga simu kwanza uulize.

NORTH LEIGH, KWENYE PINDO LA EVENLODE

Kinachoonekana. Kwa haraka: misingi ya kuta kwenye majani, na kibanda kimoja kilichofunika sakafu ya nakshi za mistari na mafundo, bila miungu wala wanyama. Kwa kawaida unaiangalia kupitia dirisha. Basi. Anayetaka kushangazwa ndani ya dakika 5 za kwanza asije huku.

Lakini mabaki haya machache yasikudanganye kuhusu ukubwa wake. Mwanzoni mwa karne ya 4 nyumba hii ilikuwa na mabafu manne, sakafu 16 za nakshi na vyumba 11 vyenye joto la chini ya sakafu. Ilizunguka ua kwa pande tatu na upande wa nne palikuwa na lango. Ukisimama katikati ya ua huo hakuna paa wala kizuizi. Unatembea ulipotembea mwenye nyumba na unapima ukubwa kwa hatua zako.

Shamba na mto. Kwa kigezo hiki North Leigh inazipita nyingine mbili. Hakuna jengo la kisasa lililokuzunguka. Mteremko unashuka hadi Evenlode, ng'ambo kuna mashamba na malisho, na ukikaa kimya kidogo mpangilio unajieleza: nyumba imewekwa juu ya maji ya mafuriko lakini karibu na malisho, ardhi ya kulima iko nyuma na pembeni. Sehemu ya majengo haijawahi kuchimbuliwa. Picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1943, wakati wa vita, ilionyesha kuta zaidi zilizofukiwa upande wa kusini magharibi, na bado zimelala huko chini ya majani.

Wilaya hii ilijaa vila. Maili chache kutoka hapo, Stonesfield, mkulima aliibua mwaka 1712 sakafu iliyokuwa na picha ya Bacchus, mungu wa mvinyo. Watu walimiminika kuitazama, na hatimaye ikaharibika yote. Kwa hiyo mtu akikulalamikia kwamba North Leigh wamefukia mno, mtajie Stonesfield.

Watu na imani. Hapa pana machache. Hakuna michoro ya ibada, hakuna sanamu, na hadithi ya familia itabidi uiazime kutoka Lullingstone.

Safari. Hulipi kitu, na panafunguliwa mchana. Ukija kwa gari unaliacha kando ya barabara na kutembea kama nusu kilomita kwenye njia ya shambani inayoshuka. Kurudi ni kupanda. Ukija kwa treni, stesheni ya Hanborough, kwenye reli ya Oxford kwenda Worcester, ina treni nyingi kuliko ya Combe iliyo karibu zaidi, kisha utembee mashambani. Hakuna choo, hakuna mkahawa, hakuna mtu wa kuuliza. Baada ya mvua ni matope.

Inamfaa nani. Mtembeaji, mpiga picha, mtu aliyekwisha kuona vila moja yenye maelezo na sasa anataka kuona ardhi yake. Pia familia kubwa ambayo viingilio vya watu saba vinaumiza mfuko. Haimfai mtoto aliyeahidiwa picha za Warumi.

Ukiwa katika hali hii

Una nusu siku na kadi ya treni tu: Lullingstone. Ukibaki na muda wa saa mbili alasiri au siku ya pili, pita British Museum, ambako kuingia kwenye kumbi za kudumu ni bure, ukaone watu sita wa dua na zile sanamu. Kwa maoni yangu ni vyema kuanza na vila, ndipo makumbusho, maana ukishajua chumba kilikuwa wapi michoro inapata nyumba.

Mama amekuja kutembea kutoka nyumbani, ni Novemba na baridi imeanza kumkera: Lullingstone tena, ila mchukulie teksi kutoka stesheni au mpelekeni kwa gari. Akiwa mtu wa kanisa, mwelezeni habari za chumba cha juu mkiwa bado njiani.

Mna gari, ni kiangazi, na kundi lina watu wa rika zote: Chedworth, na mfike mapema kabla maegesho hayajajaa. Mwenye kuchoka atakaa mkahawani, mwenye udadisi atapotelea kwenye mabafu.

Kinachokuvuta ni kilimo chenyewe, pengine kwa sababu umekulia shambani au umesomea ardhi: usiende North Leigh peke yake. Anzia Chedworth asubuhi uone mapato yalinunua nini, halafu endesha mashariki hadi North Leigh, safari ya kama saa moja, na utembee hadi mtoni kabla giza halijaingia. Siku ya namna hiyo beba chakula na viatu vya matope, na tumieni choo cha Chedworth kabla ya kuondoka.

Pesa ni kidogo na mpo karibu na Oxford: North Leigh, bila kusita, mradi uwe umesoma kidogo kabla. Na kama unafikiria uanachama wa mwaka, hesabu kwanza maeneo mengine utakayotembelea, kwa kuwa kati ya vila hizi tatu Chedworth pekee iko chini ya National Trust. Mbili nyingine ni za English Heritage, na North Leigh haihitaji kadi yoyote.